Mchele Usiotazamwa

Du.

Ndivyo ilivyolia pila ya Corte Sgarbina, na sisi tuliozaliwa katika ua ule hatukuisikia mpaka siku iliponyamaza. Wageni waliolala kwetu waliamka na macho mekundu, wakauliza ni kitu gani kinachogonga chini ya vitanda. "Kitu gani?" tuliwajibu, na hatukuwa tunawafanyia mzaha.

Pila ni kinu cha mpunga. Chetu kilikuwa cha mawe, mashimo yaliyopangwa safu moja katika chumba kirefu kando ya mfereji, kila shimo na mchi wake, gogo refu lililovishwa chuma mguuni. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likainua mchi, kisha likauachia. Du. Mtu aliyekaa hapo akimimina mpunga, akiuchota na kuupuliza kiganjani aone kama ganda limetoka kabla punje haijaanza kuvunjika, aliitwa pilota, yaani mtu wa pila. Zelindo Magri alikuwa wa mwisho.

Aliingia mle kabla hajaota ndevu, nyuma ya baba yake, na alipotoka alikuwa na mvi na masikio yasiyofaa kitu. Hakuwa kiziwi kabisa. Ukimkaribia na kupaza sauti, alisikia. Lakini asiyesikia vizuri hudhani wenzake nao hawasikii, na Zelindo aliishi akizungumza kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Alimposa Delfina nyuma ya ghala la nyasi, pahala pa siri, na ua mzima ukajibu "Mkubalie!" kabla binti wa watu hajafungua kinywa. Jumamosi alipokwenda kuungama, wanawake walikumbuka ghafla kwamba wana nguo za kufua karibu na kanisa. Mwishowe padri akawa anamwungamisha shambani, wakitembea.

"Mume wangu hana siri," alisema Delfina. "Ana matangazo."

Katika nchi yetu mchele hupikwa kwa kusimamiwa. Nenda Milano, nenda Novara, utamkuta mwanamke jikoni, mwiko mkononi, anakoroga na kuongeza supu kidogo kidogo, hathubutu hata kwenda kufungua mlango. Pilota hakuwa na nafasi hiyo. Angeiacha pila ili akakoroge sufuria, mpunga wa tajiri ungekuwa unga. Kwa hiyo watu wa pila walijipatia mchele wao, mchele usiohitaji mtu. Walichemsha maji ya chumvi katika sufuria ya shaba, wakakunja karatasi kama faneli, wakaumimina mchele katikati, pahala pamoja, mpaka ukajenga kilima ndani ya maji na ncha yake ikachungulia juu kama kidole. Kidole kikizama, maji yamezidi. Kikisimama chote nje, yamepungua. Waliuacha uchemke kidogo kwa moto mkali, wakauepua, wakaufunika, wakauviringishia makoti na magunia, wakarudi kwenye pila. Hakuna aliyeugusa tena. Mpunga wa tajiri ulipokuwa tayari, mchele wao nao ulikuwa tayari, mkavu, kila punje peke yake. Wakautia soseji iliyopondwa na kukaangwa kwa siagi, wakakwangua jibini juu, na aliyejaliwa alisimika ubavu wa nguruwe katikati kama nguzo.

Wazee wetu wanasema ndiko jina lilikotoka: mchele wa pilota. Vyakula vingine hupewa jina la mji, au la mkuu fulani aliyevila akavisifu. Hiki kilipewa jina la watu waliokuwa na kazi nyingine.

Siku ya Mtakatifu Martino, mavuno yakiwa yamekwisha, ndipo mikataba ya mashamba huisha kwetu, na familia hupakia vitanda na kuku kwenye mikokoteni zikahamia kwa tajiri mwingine. Mwaka ule sisi hatukuhama. Ilihama kazi. Bwana Dalmaschio, mwenye Corte Sgarbina, alikuwa ameingia ubia katika mashine ya umeme mjini, na mashine ile ilikoboa kwa asubuhi moja mpunga wetu wa wiki nzima. Maji yakageuziwa mfereji mwingine. Gurudumu likasimama. Usiku ule hakuna aliyepata usingizi katika ua, na mbwa walizunguka mpaka alfajiri wakitafuta kilichopotea.

Dalmaschio hakuwa mtu mbaya. Alimwachia Zelindo nyumba, akampa kazi ya kufagia ua na kulinda ghala. Zelindo alifagia asubuhi, akafagia tena jioni, na katikati hakujua aiweke wapi mikono yake.

Jumapili ya kwanza alipika mchele kama kawaida. Gisberto, mtengeneza soseji, ambaye alikula kwetu kila Jumapili kwa kuwa soseji zilikuwa zake, aliinua uma, akautazama, akauweka chini.

"Zelindo, niletee kijiko cha mtoto. Leo tuna uji."

"Maji yalikuwa mengi!" alinguruma Zelindo.

Jumapili iliyofuata alipunguza maji, na kiini cha punje kikalia baina ya meno.

"Haya, sasa ni risasi," alisema Gisberto. "Nikopesheni bunduki nikawinde bata."

Watu walicheka, Zelindo naye akacheka, akichelewa kidogo kama kawaida yake. Lakini Jumapili ya tatu mchele ulikuwa uji upande mmoja na risasi upande wa pili, na Gisberto akaomba mkate tu. Hapo ndipo Delfina alipoamua kumwangalia mumewe badala ya kuangalia sufuria.

Alimkuta kwenye kigoda, mbele ya fungu la mablanketi, mikono magotini. Mkono wa kulia ukaondoka gotini. Ukaenda wenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi, ukafunua blanketi, ukainua kifuniko. Mvuke ukatoka. Mkono ukarudisha kifuniko. Baada ya kitambo ukaondoka tena.

"We Zelindo! Umeufunua!"

"Nimechungulia tu!"

"Kuchungulia ndiko kufunua! Mvuke ukishatoka haurudi, si kama mume mlevi."

"Nitajuaje kama umeiva?"

"Zamani ulijuaje?"

Zelindo alifikiri. "Zamani sikujua," alisema, na njiwa wakaruka kutoka darini. "Zamani nilikuwa kazini!"

Sasa ugonjwa ulijulikana, lakini dawa haikupatikana. Aliikalia mikono yake. Akasimama bila kukusudia. Alikwenda uani afagie. Ua ulikuwa umekwisha kufagiwa. Aliwekewa sufuria juu ya kabati, akapanda kiti. Mwisho wa majira ya baridi aliitundika sufuria ya shaba ukutani, chini juu, na Delfina akaanza kupika tambi za dukani, na Gisberto akapata nyumba nyingine ya kula Jumapili.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kwa maana mtu haishi kwa mchele tu. Lakini Onelia, binti yao wa pekee, alikuwa amechumbiwa.

Mchumba aliitwa Tarcisio, dereva wa lori la maziwa kutoka ng'ambo ya mto Po, kijana mpole, mwenye sauti ya mtu anayemlaza mtoto. Kwa Zelindo hiyo ilikuwa balaa.

"Anasemaje huyu?"

"Amekuamkia, baba," Onelia alimpigia kelele sikioni.

"Basi aamkie! Kwa nini anatafuna maneno? Meno yake yana nini?"

Katika nyumba za pila, binti akiolewa, mchele wa meza ya arusi hupikwa na baba yake. Mkono wa mwanamke hauugusi, wala wa mpishi wa kukodi. Baba akiwa amekufa, hupika kaka yake, au mtu mwingine wa pila kutoka ua wa jirani. Baba akiwa hai na asipike, watu hawasemi kitu, hula na kuondoka. Lakini binti yule huhesabiwa kuwa alitoka kwao kwa mlango wa nyuma. Kila mtu Corte Sgarbina alijua hivyo, Onelia kuliko wote, na sufuria ilikuwa bado inaning'inia ukutani.

Wakati wa Kwaresima mama yake Tarcisio alivuka mto kuja kutusalimia. Alikuwa mama mnene mwenye adabu, amevaa kofia.

"Nasikia mna mchele wa marubani," alisema kwa furaha, maana kwao pilota ni mwendesha ndege. "Nani kwenu aliyerusha ndege?"

Zelindo aliona midomo tu ikichezacheza, akamgeukia mkewe. Delfina akampelekea swali sikioni.

"Ndege!" alisema Zelindo. "Mama, mimi nikipanda ngazi ya banda la kuku naona kizunguzungu!"

Mgeni akaelezwa pila ni nini, akaonyeshwa sufuria ukutani. Mama yule alicheka sana, akafuta macho. Kisha akasema, kwa heshima, kwamba upande wao yuko mpishi wa hoteli, fundi hasa wa mchele wa kukoroga, na kwamba angefurahi kumleta siku ya arusi, ili baba wa bibi harusi akae mezani na asichoke. Delfina alilipeleka hilo nalo sikioni, polepole, neno moja moja.

"Aje!" alisema Zelindo. "Apike yeye!"

Ua mzima ulisikia. Wanawake waliokuwa wakichambua maharage walitazama chini.

Onelia alimfuata nyuma ya ghala.

"Baba, mimi siolewi kwa mchele wa hoteli."

"Ule wetu ni mchele wa pila. Pila iko wapi?"

"Ni mchele wa mtu wa pila. Mtu mwenyewe huyu hapa, namwona."

"Huyu unayemwona ana fagio mkononi. Mtu wa fagio ni mfagiaji!"

"Utapika, baba."

"Ukiwa uji je?"

"Tutakula uji."

"Mbele ya mama mkwe wako? Na kofia yake?" Aliuinua mkono wa kulia, akautazama kama kitu alichookota njiani. "Huu haunisikii, Onelia. Nauambia utulie, hautulii."

Onelia aliushika mkono ule, akaurudisha chini. "Mkono niachie mimi," alisema. Zelindo hakusikia, kwa sababu alikuwa amelisema kwa sauti ya kawaida.

Arusi ilikuwa Jumamosi, Pasaka ikiwa imepita. Ni majira ambayo maji hurudishwa mashambani. Mifereji yote imejaa hadi kingoni, mashamba ya mpunga yamekuwa vioo, na vyura hawakubali mtu mwingine aseme. Meza zilipangwa uani. Mpishi wa hoteli hakuja; Onelia alikuwa amemwandikia mama mkwe wake kwamba baba amebadili shauri, kisha akamwambia baba yake kwamba mpishi ameumwa na jino. Sufuria ya shaba iliteremshwa ukutani, ikasuguliwa kwa siki na chumvi mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Zelindo alikuwa katika suti yake ya arusi, inayonuka dawa ya nondo. Maji yalichemka. Alikunja karatasi, akaumimina mchele. Kilima kikakua, na kidole kikachomoza juu ya maji, sawasawa, si zaidi wala si pungufu, na hata watoto walisogea kutazama. Hilo hakuwahi kulikosea. Aliuacha uchemke, akaepua, akafunika, akaviringisha mablanketi ya Delfina, akavuta kigoda, akakaa. Mikono magotini.

"Nimfunge kamba, Delfina?" aliuliza Gisberto, aliyekuwa akigeuza soseji kwenye siagi.

"Mfunge na mdomo."

Mama yake Tarcisio alikuwa ameketi mahali pa heshima, mita chache kutoka kwenye kigoda, akitabasamu. Viti viwili katikati ya meza vilikuwa vitupu. Mtu alisema bibi harusi amekwenda kurekebisha kiatu, na bwana harusi amekwenda kumsaidia, na vijana wakacheka wanavyocheka vijana. Zelindo hakuona lolote katika hayo. Alikuwa akiyatazama mablanketi. Mkono wa kulia ukaondoka gotini.

Du.

Nyayo zake zilijua kabla ya masikio. Tuliona mkono umesimama hewani. Glasi ziligusana mezani. Du. Halafu mchi wa pili, na wa tatu, mpaka yote ikapokezana kama zamani, na sahani zikaanza kusogea zenyewe juu ya kitambaa. Vyura walinyamaza. Mama yake Tarcisio alishika kofia yake.

"Nani kafungua maji?" Zelindo alikuwa amesimama na kigoda kimeanguka. "Mawe matupu hayo! Mawe!"

Mchi ukipiga jiwe tupu, jiwe hupasuka, na kila mtu kwetu alilijua hilo. Alikimbia akiwa na suti yake, tai ikipepea begani, mzee yule ambaye tangu siku ya Mtakatifu Martino alikuwa akitembea kama anayehesabu vigae. Tulipomfikia mlangoni alikuwa amekwisha kuvua koti. Mawe hayakuwa matupu. Katika kila shimo mlikuwa na mpunga, umemiminwa kwa kipimo chake, na gunia lililobaki nusu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Zelindo alilitazama gunia, akatazama mashimo, na hakuuliza. Mpunga ukishaingia kwenye pila haungoji maswali. Alichota, akapuliza kiganjani, akarudisha, akaenda shimo la pili. Pumba zikaanza kupanda hewani na kumtua kichwani.

"Zelindo!" Gisberto alipiga kelele kutoka mlangoni. "Sufuria!"

"Sufuria gani?"

Gisberto alitutazama, akafunga kinywa, akarudi kwenye soseji zake.

Nje, glasi ziliendelea kutikisika. Watu wa upande wa bwana harusi walidhani ni desturi yetu ya arusi, wakapiga makofi. Delfina alisimama kando ya mablanketi, mikono kiunoni, kama askari, wala hakuna aliyemkaribia. Pila ililia muda wa kukoboa mpunga wa mkupuo mmoja, ule muda ambao hakuna mtu kwetu aliyewahi kuutafutia saa. Ndani, Zelindo alipuliza kiganja chake mara ya mwisho, akaona punje nyeupe na nzima, akainyanyua michi mmoja mmoja akaikwamisha kwa vigogo vya kuizuia. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma akafunge maji.

Kando ya lango la mfereji kuna udongo wa kijivu, laini, ambao haupatikani mahali pengine katika ua. Gisberto, aliyemfuata ili amwite mezani, alimkuta ameinama. Katika udongo ule kulikuwa na alama za viatu vya mwanamume, vilivyozama kwa nguvu ya mtu anayezungusha usukani wa lango, na pembeni mwake vitundu vidogo vidogo vya visigino vya mwanamke. Zelindo alivitazama. Akateremsha lango. Ukimya ulirudi, na baada yake vyura.

Alirudi mezani mweupe kwa pumba tangu nywele hadi viatu, kama mtu aliyenyeshewa unga. Viti viwili vya katikati sasa vilikuwa na wenyewe. Delfina alikuwa akimkaripia binti yake juu ya gauni, kwamba limekaa miezi likishonwa na halikukaa safi hata siku moja, kwamba huko kwa mkwewe wataona ameolewa mfuga bata. Tarcisio alikuwa ameficha miguu chini ya kiti, lakini maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye viatu vyake vipya yakatengeneza kidimbwi. Onelia alikuwa akimtazama baba yake. Upindo wa gauni lake ulikuwa wa kijivu, kote kuzunguka.

Zelindo alipita mbele yao. Alipofika kwa Tarcisio alisimama, akaweka kiganja chenye pumba juu ya bega la kijana, na alama ikabaki kwenye suti nyeusi. Kisha akaenda kwenye mablanketi. Akayafunua moja moja. Akashika kifuniko.

Mvuke ulipanda wote kwa pamoja, ukamficha uso. Ulipotawanyika, mchele ulikuwa umejaa hadi karibu na ukingo, maji yote umeyanywa. Zelindo aliuchota kwa uma, akauinua juu, akaugeuza. Punje zilianguka kwenye sufuria, kila moja peke yake.

Gisberto alikuwa amesimama na kikaango cha soseji mikononi, siagi ikiimba. "Haya, tuambie," alisema. "Uji au risasi?"

Tulingoja ngurumo. Wengine walikwisha kuanza kutabasamu, na mtoto mmoja aliziba masikio mapema. Zelindo aliweka uma chini. Alizunguka meza mpaka kwa binti yake, akainama, pumba zikimdondokea kwenye shela, na midomo yake ikacheza sikioni kwake. Delfina, aliyekuwa ameketi kiti cha pili, alidhani mumewe anahema tu, kwa kuwa katika maisha yao yote hakuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

"Sikuufunua, mwanangu," alisema. "Hata mara moja."